Tuovi Kärnä na Ukuta Ambao Hakuna Aliyeuamini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi wa tano, saa ya kahawa ya mchana, Tuovi Kärnä atatundika aproni yake kwa mara ya mwisho katika karakana ya umaliziaji ya Kiwanda cha Mbao cha Kuikkaperä. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Ofisi inasema anastaafu kwa sababu umri umefika. Sisi tuliofanya kazi naye tumeipokea habari hiyo kwa mashaka, maana mtu huyu hajawahi kukubali jambo lolote kwa sababu tu ofisi imesema.

Niseme mapema kwamba kazi ya kuandika ukurasa huu nimetupiwa mimi, Kauko Immonen wa mashine ya randa, bila kuulizwa. Nilipotaka kujua kwa nini mimi, nikaambiwa eti naandika vizuri. Kitu pekee nilichowahi kuandika hapa kiwandani ni bango la kukataza watu kuegesha baiskeli mbele ya mlango wangu. Kuna jambo hapo, ila nitalichunguza wakati mwingine.

Tuovi alikuja kwetu akitokea duka la vitambaa la mjini, lilipofungwa. Alianza kwa kupanga mbao kwenye tanuri la kukaushia, kazi ya jasho na vibanzi vidoleni. Mwaka wa pili alipita karibu na pipa la vanishi lililokuwa limefunguliwa asubuhi hiyo, akasimama, akanusa, akamwambia msimamizi wa wakati ule kwamba ile si vanishi ya wiki iliyopita. Msimamizi akacheka, akaendelea kupaka. Mbao zile zilinata hadi kiangazi, na mwenye nyumba alipoegemea ukuta wake aliacha nusu ya sweta pale. Tuovi akahamishiwa umaliziaji, na hapo ndipo alipobaki hadi leo.

Watu hudhani ni kazi nyepesi. Mtu anaweka mbao ukutani ndani ya nyumba yake, kisha anaamua azipake nini: mafuta, nta, vanishi, rangi, au aziache. Mimi nimeshuhudia ndoa zikitikisika kwa swali hilo. Msonobari ukiuacha hugeuka manjano kama siagi. Ukiupaka rangi, vifundo vya matawi hutoa utomvu na madoa yake hutokeza juu ya rangi. Vanishi hung'aa, na kila mkwaruzo nao hung'aa. Mteja akiingia na kusema anataka nyeupe ya kawaida tu, Tuovi alikuwa anamtazama kama polisi anavyomtazama dereva anayesema hajanywa kitu.

Hakuviamini vipande vidogo vya sampuli. Alimpa mteja ubao mzima, mrefu kuliko mtu, akamfungia juu ya gari, akamwagiza ausimamishe sebuleni na ale chakula karibu nao. Zaidi ya hapo, hakukubali mtu aamue katikati ya kiangazi. Alisema mwezi wa sita, huku kwetu ambako jua halizami ila kidogo tu, mwanga unaingia ndani usiku kucha na kila rangi inaonekana ya malaika. Ile kijivu uliyoipenda wakati huo, ikifika Novemba utajiona umekaa ndani ya jokofu. Bwana Vesterinen, meneja wetu, alikuwa akisikia hivyo anashika kifua.

"Tuovi, watu wananunua kiangazi. Likizo ni kiangazi. Unawaambia warudi mwezi wa kumi?"

"Ndiyo, warudi mwezi wa kumi."

"Watakwenda kwa washindani mwezi wa saba!"

"Na Novemba watatupigia simu wakilia."

Baadhi walipiga kweli. Vesterinen mpaka leo anasema si wengi wa kutosha.

Halafu kulikuwa na chupa. Tuovi alichukua chupa za jamu, akaziosha, akatia ndani ya kila moja kipande cha ubao uliopakwa, akafunga kifuniko na kuziweka kwenye rafu karibu na bomba la joto. Kesho yake alifungua na kunusa. Wageni walidhani ni kachumbari, na mmoja aliomba aonje. Mumewe, Ensio, ametuambia kwamba hata zawadi za harusi yao alizinusa kwanza kabla ya kushukuru. Nasi tulimwona mtu mwenye kasoro fulani hivi, mpaka lilipotokea lile la shule.

Wengi wenu mnalijua, lakini mnalijua kila mtu kivyake, na nimesikia mengine yaliyotiwa chumvi hadi hayaliki. Nitaeleza nilivyoona mwenyewe.

Miaka tisa iliyopita shule yetu ya kijiji ilikutwa na ukungu ndani ya kuta. Watoto walikohoa, wengine walitokwa damu puani. Halmashauri ikasema itatoa fedha za vifaa endapo wanakijiji watajitolea nguvu zao kuubomoa ukuta wa ndani na kuujenga upya. Ila likawekwa sharti: yakija malalamiko mengine ya hewa baada ya hapo, shule inafungwa, na watoto watapanda basi kwenda mjini, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Kwa majira yetu ya baridi hiyo ni kutoka gizani na kurudi gizani. Mtoto wa miaka saba angeyaona mchana madirisha ya nyumbani kwao siku za Jumamosi na Jumapili tu.

Kiwanda kilitoa mbao za haapa, mti mweupe usio na utomvu, ule ule tunaoukalia saunani tukioga mvuke. Hapo hapakuwa na ubishi. Ubishi ulianza pale tulipoitwa mkutanoni kuamua zipakwe nini.

Pasi Löppönen, mfugaji wa ng'ombe mwenye watoto wawili pale shuleni, aliyakataa mafuta. Alisema shemeji yake alipaka mafuta, nyumba ikanuka samaki hadi Krismasi. Marketta Ojanperä, mwenyekiti wa wazazi, akaikataa vanishi.

"Hiyo ni plastiki iliyoyeyushwa," alisema. "Iiris wangu hatapumua plastiki."

Iiris alikuwa binti yake, ndiyo kwanza anaingia darasa la kwanza, na ndiye aliyeumwa kifua kuliko wote. Mwalimu Sirkku naye akaikataa rangi, kwa maelezo kwamba ule ukungu wa kwanza ulijificha nyuma ya rangi miaka mingi na kila aliyepita aliusifia ukuta kwa usafi. Mwishowe wakamtazama Tuovi. Yeye alikuwa ameshazifungia chupa zake wiki nyingi, akapendekeza nta nyepesi ya kuchanganywa na maji. Wakakubali, kwa nyuso za watu wanaonunua gari kuukuu kutoka kwa mtu wasiyemjua.

Ukuta ukasimama mwezi wa nane, mweupe, mzuri. Wiki chache hazijapita, kikohozi kikarudi. Madarasani kulikuwa na harufu chachu, kali kidogo, isiyofanana na kitu kimoja. Siku nyingine ilizidi, siku nyingine ilipungua. Vichwa viliuma. Iiris alirudishwa nyumbani mara mbili ndani ya wiki moja. Marketta hakuandika malalamiko, kwa kuwa alijua maana yake, lakini mtu mwingine aliandika, na mkaguzi wa afya akatangaza kwamba anakuja Jumatano.

Sasa kila mtu akamshuku mwenzake. Pasi alisema halmashauri ilimtuma mtu apulizie dawa ili ipate kisingizio. Marketta alisema kiwanda kilibadilisha nta kikaweka ya bei rahisi. Vesterinen alisema ni mkono wa washindani. Mimi nilimshuku Pasi, kwa sababu nilipoona gari lake karibu na shule siku isiyo ya masomo nilimsalimia akajifanya hakuniona. Ila juu ya yote, kijiji kizima kilimshuku Tuovi. Dukani watu waligeukia rafu za mikate alipoingia. Hata hapa kiwandani, mezani petu, viti vya karibu yake vilianza kubaki wazi, na mimi sikupenda kabisa nilichokiona.

Marketta ndiye aliyethubutu kumkabili, mbele ya friji ya maziwa, mimi nikiwa nyuma yao na kopo langu mkononi.

"Wewe ulituambia haina harufu," alisema. "Uliapa. Mwanangu analala amekaa, Tuovi. Akilala chali anakosa pumzi."

Tuovi alifunga mlango wa friji. "Nipe hadi Jumanne," alisema.

"Na ikiwa ni nta yako?"

"Ikiwa ni nta yangu, nitamwambia mkaguzi mwenyewe, kabla hajavua koti."

Jumatatu tulikwenda shuleni, mimi na yeye, baada ya kazi. Ufunguo ulikuwa msumarini nyuma ya banda la kuni, mahali ambapo umekuwa tangu nikiwa mwanafunzi na ambapo hakuna asiyepajua. Tuovi aliunusa ukuta kutoka kona hadi kona kama mbwa wa forodha. Nilimuuliza anasikia harufu gani, akasema anasikia ukuta na anasikia nyumbani, na hajui kwa nini anasikia nyumbani. Akanifanya ning'oe kipande cha juu kabisa karibu na dari, na kingine cha usawa wa kifua. Kipande cha tatu alikuwa nacho, salio la mbao zile zile lililobaki kiwandani.

Jumanne jioni tulikutana kwenye chumba cha kulia cha shule: Marketta, Pasi, Mwalimu Sirkku, Vesterinen, Tuovi na mimi mbeba chupa. Tuovi alikuwa amepika kahawa na kuleta maandazi ya iliki. Niliyatilia shaka yale maandazi, maana si kawaida yake. Chupa tatu zilifunikwa kwa taulo, hakuna aliyeona kilichomo. Aliwaambia wanuse tu, mmoja baada ya mwingine, wasiseme kitu.

Ya kwanza ilizunguka meza. Ilikuwa kama kunusa maji. Ya pili ikazunguka, na Pasi akapandisha mabega. Ya tatu ikaanzia kwa Mwalimu Sirkku. Alifungua, akanusa, akaiweka mezani taratibu kama kitu cha moto. Pasi akanusa, akatazama dari. Marketta akanusa kwa muda mrefu kuliko wote, kisha akafunga kifuniko akakikaza sana. Kila mmoja alikuwa anachungulia wenzake kwa pembe ya jicho.

"Ya kwanza ni ubao wa salio, ambao haujawahi kuondoka kiwandani," Tuovi alisema. "Nta ile ile, ndoo ile ile. Ya pili ni ubao wa juu, karibu na dari. Ya tatu ni wa chini, pale mkono wa mtu mzima unapofika akiwa na tambara." Akamimina kahawa. "Kuleni maandazi."

Hakuna aliyekula. Mwishowe Pasi akakohoa.

"Mimi nilipita Jumamosi tu," alisema. "Nikishatoka sauna. Kupangusa kidogo, kuitoa ile sumu ya nta."

Marketta akamgeukia. "Jumamosi? Kila Jumamosi?"

"Sasa, kupangusa kidogo tu."

"Mimi nakwenda Jumapili! Naukuta ukuta una unyevu, nadhani ni nta inatoa jasho. Ndiyo maana nikawa nasugua zaidi!"

"Mimi Jumatano," Mwalimu Sirkku alisema kwa sauti ndogo. "Kwa maji ya moto."

"Kwa sabuni gani?" Tuovi aliuliza.

Wote watatu wakamtazama kana kwamba ameuliza jua linachomoza upande gani. Sabuni ya msonobari, ile ya kahawia, ya chupa. Kuna nyingine? Ndiyo iliyosafisha mazulia ya bibi zetu, sakafu za sauna zetu na shingo zetu. Harufu yake imetukaa puani tangu tuzaliwe, hatuisikii tena. Watu watatu walikuwa wanaumwagilia ukuta ule ule, kila mmoja kwa siri, kila mmoja akiogopa kwamba wengine hawajali, na kila Jumatatu mashine ya joto ikiwashwa ubao uliolowa sabuni unaitema yote juu ya watoto.

Pasi alianza kucheka, akaacha alipomwona Marketta. Marketta hakuwa anacheka.

"Yaani ni mimi," alisema. "Mtoto anakohoa, mimi nakimbilia ndoo. Ni mimi."

"Ni sabuni," Tuovi alisema, akamsogezea kikombe. "Kunywa, inapoa."

Asubuhi yake Tuovi alimngoja mkaguzi mlangoni na kumweleza kila kitu kabla hajavua koti, pamoja na chupa. Mkaguzi alinusa, na nadhani naye alikumbuka kwa mama yake, kwa sababu alirudia kunusa. Akatupa muda hadi baada ya likizo ya vuli, akasema atarudi bila kutoa taarifa. Mimi sikumwamini, lakini alitimiza.

Lilibaki swali la mwanzo: ukuta upakwe nini? Nta ilikuwa imetoka kwa mabaka, na nyuzi za ubao zilikuwa zimesimama kama nywele kwa sababu ya maji. Vesterinen alikuja na vanishi mpya, akasema safari hii kiwanda kitaitoa bure. Marketta akaangalia ndoo, akaangalia mlango. Tuovi alimwona.

"Tusipake kitu," alisema.

Vesterinen alidhani hajasikia vizuri. "Kitu gani?"

"Chochote. Upigwe msasa, uachwe. Nikiupaka nta, Pasi ataiosha. Nikiupaka vanishi, Marketta ataikwangua kwa kucha. Ubao mtupu watauona wenyewe kwamba hauna kitu."

"Tuovi, sisi tunauza umaliziaji. Wewe mwenyewe ndiye umaliziaji! Nani anakulipa, mama?"

"Wewe," Tuovi alisema. "Nami nakuambia ukweli, kwa hiyo hujapunjwa."

"Utachafuka mwezi wa kwanza. Watoto wana mikono!"

"Acha uchafuke. Tambara kavu, basi. Anayekuja na ndoo, ufunguo atanipa mimi."

Kwa watu wa kwetu kuambiwa uache ukuta uchafuke ni kama kuambiwa ule bila kunawa. Marketta akatoa mfukoni nakala ya ufunguo wa shule, ambayo hakuna aliyejua kuwa anayo, akaiweka kwenye kiganja cha Tuovi. Kwenye likizo ya vuli tulipiga msasa hadi mikono ikafa ganzi, madirisha wazi, vumbi jeupe kotekote. Mkaguzi alirudi kimya kimya, akapima, hakukuta kitu. Iiris alianza kulala chali kabla ya theluji ya kwanza. Alituambia Marketta mwenyewe, dukani, mbele ya watu, na akamshika Tuovi mkono.

Nilikuwa na hakika kwamba ukuta ule utatuaibisha, na kila mwaka nilikwenda kuuangalia nikitarajia ubaya. Ulichafuka kweli, lakini si ovyo. Kando ya korido, kwa urefu wa mkono wa mtoto, ulitokea mkanda wa rangi ya asali, kwa sababu watoto wakitoka darasani hupitisha viganja ukutani wakikimbilia nje. Kila mwaka ulizidi kukolea na kulainika. Mwezi wa tatu mwaka huu halmashauri ilimleta fundi na mashine ya msasa ausafishe, na Marketta Ojanperä, yule yule, alisimama kati ya mashine na ukuta hadi fundi akachomoa waya.

Wiki mbili zilizopita Tuovi aliomba twende naye aone ukuta mara moja kabla ya kuondoka kazini. Iiris alikuwepo, amekuja kumchukua mdogo wake. Sasa ana miaka kumi na sita, ni mrefu kuliko mama yake, na anacheza mpira wa magongo. Alitusalimia, kisha akapita koridoni na kunyoosha mkono ukutani bila kufikiri, kama alivyozoea zamani. Kiganja chake kilitua kwenye ubao mweupe, juu sana. Ikambidi ainame ndipo aupate ule mkanda. Alibaki ameinama hapo akitabasamu, na Tuovi alimtazama anavyopumua. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi sijamwona akitazama kitu kwa namna ile, bila shaka hata kidogo usoni.

Kwa hiyo, kwa niaba ya karakana ya randa, tanuri, umaliziaji, ofisi, na hata Bwana Vesterinen ambaye ameniahidi hatafuta mstari wowote hapa, tunakushukuru, Tuovi. Tutakukosa, na nasema hivyo nikiwa nimelichunguza kila neno. Wewe na Ensio tunawatakia afya, kahawa nzuri na siku ndefu za kupumzika. Watoto wa Kuikkaperä bado wanakwenda shule kwa miguu.